Mawingu ya Dodoma kwenye kioo cha kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Dodoma kuna kompyuta moja ambayo siizimi hadi jioni. Haina kazi kubwa. Nyuma ya faili na folda zake kuna picha ya Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi kama zinavyoonekana kutoka angani, na picha hiyo hujibadilisha yenyewe kila robo saa. Mteja anayesubiri laptopu yake ipulizwe vumbi (na vumbi la Dodoma si la kubembeleza) huanza kuitazama, husogea karibu, kisha huuliza. Maswali ni yale yale kila siku, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Majibu mengine yamekuwa marefu kuliko nilivyokusudia.

Hiyo ni video ya moja kwa moja?

Hapana, mkuu. Ni picha ya kawaida, iliyopigwa muda mfupi uliopita. Programu ndogo inaingia mtandaoni, inapakua picha mpya na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Ukikodoa macho hutaona wingu likitembea. Ukienda kunywa chai ukarudi, utakuta limehama.

Nilipakua programu ya Himawari inayosifiwa sana mtandaoni. Mbona siioni Tanzania?

Hili huulizwa na kila aliyejaribu mwenyewe kabla ya kuja kwangu, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Himawari ni setilaiti ya hali ya hewa ya Japani. Imekaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 140.7 mashariki, na kila dakika 10 hupiga picha ya upande wote wa dunia unaoielekea. Himawari-8 ilipoanza kazi mwaka 2015 picha zake zilikuwa safi kiasi kwamba watu wakaandika programu nyingi za kuzigeuza kuwa mandhari ya kompyuta. Himawaripy ni mojawapo. Leo kazi hiyo inafanywa na Himawari-9, na programu nyingi bado zinachota picha huko huko.

Sasa piga hesabu. Dodoma iko karibu na nyuzi 35.7 mashariki, kwa hiyo kati yetu na Himawari kuna nyuzi 105. Setilaiti ya aina hii hukaa kimo cha kilomita 35,786, na kutoka kimo hicho inaona kama nyuzi 81 tu kila upande. Zaidi ya hapo dunia imeshajikunja. Kwa Himawari sisi tuko nyuma ya mlima, na mlima wenyewe ni dunia. Setilaiti za GOES za Marekani nazo hazitufai: ile ya mashariki imekaa nyuzi 75 magharibi, ikitazama Amerika na Atlantiki.

Watu huuliza kwa nini isizunguke ifike huku. Inazunguka, ila kwa mwendo ule ule wa dunia, ndiyo maana inaonekana imesimama mahali pamoja. Hiyo ndiyo faida yake na ndiyo kasoro yake. Jirani yangu alikaa na picha ya Australia wiki nzima akiamini kuwa ile rangi ya udongo katikati ni Dodoma. Simlaumu, rangi zinafanana.

Kwa hiyo ni setilaiti ipi inayotuona sisi?

Ziko tatu ninazozitumia, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza, na ndiyo iliyo mezani kwangu, ni Meteosat-9 ya EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa lenye makao Darmstadt, Ujerumani. Imo angani tangu Desemba 2005. Mwaka 2022 ilihamishiwa nyuzi 45.5 mashariki ili ihudumie Bahari ya Hindi. Ukiitafuta sehemu hiyo kwenye ramani utaikuta baharini, kusini mwa Mogadishu, juu ya ikweta kabisa. Kutoka hapo hadi Dodoma ni nyuzi 10 tu kwa longitudo na 6 kwa latitudo. Yaani tuko karibu chini ya miguu yake. Sisi tuliozoea ramani ambazo nchi yetu iko pembeni, au imefunikwa na maandishi, hapa tumekaa katikati ya picha. Hutoa picha kila dakika 15.

Ya pili ni Meteosat-12, ya kizazi kipya, iliyorushwa Desemba 2022. Imekaa nyuzi sifuri, juu ya Ghuba ya Guinea, kwa hiyo inatuona kwa ubavu. Lakini macho yake ni makali zaidi: picha kila dakika 10, na rangi zinazokaribia zile tunazoziona kwa macho yetu. Anayetaka uzuri achukue hii. Anayetaka kufuatilia mawingu ya Bahari ya Hindi abaki na ile ya kwanza.

Ya tatu si ya kusimama mahali pamoja. Ni kamera iitwayo VIIRS, iliyomo kwenye setilaiti zinazopita juu ya ncha za dunia, kama NOAA-20 iliyorushwa Novemba 2017. Hupita juu yetu mchana mara moja, mnamo saa 8, na NASA huziweka picha zake mtandaoni bure. Picha ni moja tu kwa siku, ila unaona bwawa la Mtera, unaona theluji ya Kilimanjaro, unaona moshi wa mioto ya Agosti kwenye miombo ya Tabora na Katavi. Kwa mtu mwenye bando dogo, hii ndiyo ninayomshauri.

Naweza kuiona nyumba yangu?

Hapana. Kwa Meteosat-9, kitone kimoja cha picha hufunika kama kilomita 3 kwa 3. Majengo yote ya mji wa Dodoma ni vitone vichache. VIIRS ikikazana hufika mita 250 kwa njia ya NASA. Hapo bwawa la Hombolo unaliona kama kijikwaruzo. Ziko setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zenye uwezo wa mita 10, zinazoweza kukuonyesha mipaka ya shamba kubwa la zabibu, lakini hurudi mahali pale pale baada ya siku 5, na siku hiyo ikiwa na mawingu umekosa. Kwa mandhari inayojibadilisha haifai.

Na wao wananiona?

Soma jibu lililotangulia.

Saa iliyoandikwa kwenye picha haieleweki. Inasema 09:00 na sasa hivi ni mchana.

Picha zote za setilaiti huandikwa kwa saa ya ulimwengu, UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Wengi hujichanganya wakiongeza tatu, kisha wanageuza tena kwenda saa za Kiswahili. Sisi tuna njia ya mkato: toa tatu kwenye saa ya picha, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Picha ya 09:00 ni saa 6 mchana. Ya 12:00 ni saa 9 alasiri. Ya 06:00 ni saa 3 asubuhi. Jibu likizidi 12, punguza 12: picha ya 18:00 inakupa 15, yaani saa 3 usiku. Nimewaonyesha hesabu hii vijana waliosoma kompyuta chuoni, wakacheka kwanza, halafu wakaijaribu.

Jambo jingine dogo. Meteosat-9 haipigi picha kwa mkupuo mmoja kama simu. Inazunguka kama pia, mara 100 kwa dakika, na kila mzunguko inafagia ukanda mwembamba wa dunia. Huanza kusini na kupanda kaskazini, kazi ya dakika kama 12. Kwa hiyo sehemu yetu, iliyo karibu na katikati, hupigwa dakika chache baada ya saa iliyoandikwa. Ongeza muda wa picha kushuka chini, kupangwa na kuwekwa mtandaoni, ndipo utaelewa kwa nini unachokiona kimechelewa. Usitoke nje ukabishana na mbingu.

Kwa nini mawingu mengine yana rangi ya samawati? Na kwa nini Dodoma ni ya kijani kiasi kile mwezi wa pili?

Swali zuri, na wachache hulifikia. Meteosat-9 haina jicho la rangi ya buluu wala la kijani. Ina mikondo 12, yaani aina 12 za mwanga inazopokea, mingi ikiwa ya joto, na mwanga tunaouona sisi umepewa sehemu ndogo. Ili kupata picha ya rangi, wataalamu huchukua mikondo mitatu na kuivisha nguo za nyekundu, kijani na buluu. Nafasi ya nyekundu hupewa mkondo ambao barafu huumeza. Wingu refu la mvua, ambalo kilele chake kimeganda, linakosa nyekundu, linabaki samawati. Wingu la chini lenye matone ya maji linabaki jeupe au lenye wekundu hafifu.

Kwa hiyo ile samawati ni habari: pale pana wingu lililopanda juu sana. Ukishalijua hilo, picha unayoitazama inageuka kuwa kitu cha kusoma.

Kijani nacho ni hivyo hivyo. Nafasi ya kijani imepewa mkondo ambao majani mabichi huurudisha kwa nguvu kuliko macho yetu yanavyoona. Mvua za masika yetu zikishika, kuanzia Desemba hadi Aprili, kanda nzima ya kati inang'aa kijani kama imepakwa. Ifikapo Septemba ni kahawia tupu, na kinamasi cha Bahi kinakuwa doa lililofifia. Mteja wangu mmoja aliiona picha ya Februari akaniambia nimeidanganya kompyuta, Dodoma haiwezi kuwa hivyo. Nikamwambia apande gari aende Kondoa ajionee.

Usiku inakuwaje?

Picha ya rangi inakuwa nyeusi tii. Jua likizama, mwanga umekwisha, na mandhari inageuka ubao. Suluhisho ni kuibadilishia mkondo: kuanzia saa 12 na nusu jioni programu ichote picha ya joto, ile ya mikromita 10.8, ambayo haihitaji jua. Humo cheupe ni baridi, cheusi ni joto. Vilele vya mawingu marefu vinang'aa.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Weka picha ya joto, amka usiku wa manane, tazama Ziwa Victoria. Mchana mawingu ya radi hukaa nchi kavu kuzunguka ziwa, kwa sababu nchi hupata joto haraka na upepo hutoka ziwani. Usiku mambo yanageuka: maji yanabaki na joto, nchi inapoa, upepo unakutana katikati ya ziwa na mawingu yanajengeka hapo hapo. Karibu na alfajiri, msimu wa mvua, unaliona ziwa limefunikwa kofia nyeupe. Wavuvi wa Mwanza na Musoma hawahitaji setilaiti kuwaambia hilo. Mimi mtu wa bara kavu lilinichukua miezi kuamini.

Kuna wiki kadhaa karibu na Machi na Septemba ambapo setilaiti yenyewe huingia kwenye kivuli cha dunia karibu na saa 6 usiku. Picha za saa hiyo zinaweza kukosekana au kuwa na ukungu wa ajabu. Usianze kufungua kompyuta.

Sawa, nimeelewa. Ninaanzaje?

Anza na ya NASA, kwa kuwa ni nyepesi na haihitaji kujisajili. Kiungo hiki kinakupa eneo la kuanzia Tabora hadi Zanzibar, na kuanzia Kilimanjaro hadi kusini ya Mtera, kwa ukubwa wa kioo cha kawaida:

`https://wvs.earthdata.nasa.gov/api/v1/snapshot?REQUEST=GetSnapshot&LAYERS=VIIRS_NOAA20_CorrectedReflectance_TrueColor&CRS=EPSG:4326&TIME=2025-02-10&BBOX=-9,31,-3,41.67&FORMAT=image/jpeg&WIDTH=1920&HEIGHT=1080`

Kibandike kwenye kivinjari kwanza. Ukiiona picha, nusu ya kazi imekwisha. Kilichobaki ni kuibadilisha tarehe kila siku na kuiambia kompyuta iitumie. Kwenye Linux yenye GNOME mimi natumia skripti hii:

```
#!/bin/bash
export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/$(id -u)/bus
SIKU=$(date -u -d yesterday +%F)
F="$HOME/mandhari"
mkdir -p "$F"
U="https://wvs.earthdata.nasa.gov/api/v1/snapshot?REQUEST=GetSnapshot"
U="$U&LAYERS=VIIRS_NOAA20_CorrectedReflectance_TrueColor"
U="$U&CRS=EPSG:4326&TIME=$SIKU&BBOX=-9,31,-3,41.67"
U="$U&FORMAT=image/jpeg&WIDTH=1920&HEIGHT=1080"
curl -sf -o "$F/mpya" "$U" || exit 1
[ $(stat -c%s "$F/mpya") -gt 100000 ] || exit 1
mv "$F/mpya" "$F/$SIKU.jpg"
gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri "file://$F/$SIKU.jpg"
gsettings set org.gnome.desktop.background picture-uri-dark "file://$F/$SIKU.jpg"
```

Mstari wa pili ndio uliowahi kunikosesha usingizi. Skripti ilikuwa inafanya kazi nikiiendesha kwa mkono, lakini nikiikabidhi kwa cron, programu ya Linux ya kuendesha kazi kwa ratiba, iiendeshe yenyewe, picha ilishuka na mandhari haikubadilika. Sababu ni kwamba cron haijui kioo chako kiko wapi hadi uielekeze. Na mstari wa mwisho ni wa wale waliochagua mwonekano wa giza. Bila huo watadhani skripti imekufa.

Natumia picha ya jana kwa makusudi. Ya leo ukiiomba asubuhi utapewa weusi, kwa sababu setilaiti haijapita.

Kwenye Windows, kazi hiyo hiyo hufanywa na skripti ya PowerShell inayoendeshwa na Task Scheduler. Ipe kila picha jina jipya, kama nilivyofanya hapo juu kwa tarehe, kwa sababu kompyuta nyingine huona jina halijabadilika, zikadhani picha nayo haijabadilika. Kwenye Mac kazi ya cron hufanywa na launchd, na onyo la jina jipya ni hilo hilo.

Na ya kila robo saa je?

EUMETSAT wana huduma iitwayo EUMETView, ambayo unaweza kuitazama kwa kivinjari au kuiomba picha kwa njia ya WMS (utaratibu wa kuomba picha za ramani mtandaoni) kwenye `https://view.eumetsat.int/geoserver/wms`. Ongeza `?service=WMS&request=GetCapabilities` mwishoni, utapata orodha ndefu ya tabaka zote, yaani aina za picha zilizopo. Tafuta zenye neno IODC. Hizo ndizo za Meteosat-9. Ukishapata jina la tabaka, unaomba eneo na ukubwa unaoutaka kama tulivyofanya kwa NASA. Iendeshe kila dakika 15, si kila dakika moja. Picha mpya haipo kabla ya hapo, na seva za watu si bomba la mtaa.

Itakula bando langu?

Inategemea ulafi wako. Picha nzima ya dunia ya Meteosat-9 ina pikseli 3,712 kwa 3,712. Tuseme ni megabaiti 4. Kwa siku ya kazi ya saa 9, ukichota kila robo saa, ni picha 36, yaani megabaiti 144. Kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya gigabaiti 3. Hiyo ni hasara, hasa kwa anayerusha intaneti kutoka simuni.

Lakini ukiomba kipande cha Afrika Mashariki tu, kwa ukubwa wa kioo chako, picha ikawa kilobaiti 400, siku nzima inakula megabaiti 14 na kidogo. Mwezi wa kazi haufiki megabaiti 320. Na ile ya NASA ya mara moja kwa siku haina hata haja ya kupigiwa hesabu.

Ofisi au maabara ya shule yenye kompyuta 20 isizifanye zote zichote. Moja ipakue, iweke kwenye folda ya pamoja, nyingine zisome humo.

Umeme ukikatika katikati ya kupakua?

Utabaki na nusu picha. Ndiyo maana skripti inapakua kwanza kwenye faili la pembeni na kulihamisha likishakamilika. Ya zamani inabaki kiooni hadi mpya ipatikane, jambo ambalo kwa mtaa wetu ni busara.

Nimepata faili la .jpg ambalo halifunguki.

Lifungue kwa programu ya maandishi. Mara nyingi si picha, ni ujumbe wa kosa ambao seva imeutuma na programu yako ikaupa jina la picha. Soma ujumbe wenyewe. Kwa kawaida ni jina la tabaka limekosewa herufi. Ule mstari wa skripti unaokataa faili dogo kuliko baiti 100,000 ni kwa ajili ya hili.

Nimeona nchi nisizozijua. Nimeomba Dodoma.

Ukiona Hispania na Moroko, umegeuza namba. Huduma nyingine hutaka latitudo kwanza, nyingine longitudo kwanza. WMS ya toleo 1.3.0 kwa EPSG:4326 (mfumo wa kawaida wa latitudo na longitudo) hutaka latitudo kwanza, toleo 1.1.1 hutaka longitudo. Namba zetu, -9 na 31 hadi -3 na 41.67, zikisomwa kinyume zinaangukia pale pale kwenye mlango wa Gibraltar. Nilikaa na Hispania siku mbili nikijiuliza Mtera imekaukia wapi.

Kuna michirizi myeusi kwenye picha.

Umechagua MODIS. Kamera hiyo, iliyomo kwenye setilaiti Terra na Aqua, hufagia upana wa kilomita 2,330, na karibu na ikweta njia zake hazigusani kwa siku moja. VIIRS hufagia zaidi ya kilomita 3,000, haina mapengo. Badilisha tabaka.

Nikiona wingu juu ya Dodoma, mvua itanyesha?

Hili huulizwa zaidi Novemba, watu wakiwa wameshalima na kusubiri. Jibu fupi ni kwamba picha inakuonyesha kilichopo. Haitabiri. Utabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na wao hutazama picha hizi hizi pamoja na vipimo vingine vingi.

Jibu refu ni kwamba ukitazama kila siku utaanza kujua tabia. Kiangazi, kuanzia Mei, upepo wa kusi unaleta mawingu kutoka baharini yakagonga milima ya Uluguru, Nguru na Ukaguru. Upande wa mashariki wa milima hiyo unaona utando mweupe asubuhi nyingi. Upande wetu wa magharibi ni peupe. Mstari wa mpaka unauona kabisa, kama umechorwa kwa rula. Mtu aliyesoma shuleni kwamba Dodoma iko nyuma ya milima inayozuia mvua, akiuona mstari ule haachi kuuonyesha kwa kidole.

Msimu wa mvua ukifika, asubuhi huwa kweupe. Kuanzia saa 6 vinaanza kutokea vitone vyeupe kama bisi zilizomwagwa mezani. Saa 9 baadhi vimeungana na kugeuka samawati. Hivyo ndivyo vya kuangalia, vinasogea wapi. Lakini jihadhari na kitu kimoja: kwenye picha ya joto, utando mwembamba wa juu nao ni mweupe sana kwa sababu ni baridi, na haunyeshi hata tone. Nimeshawahi kumwambia mteja aharakishe kuanua zabibu alizoanika kwa sababu ya utando wa namna hiyo. Hakunyesha. Tangu siku hiyo ananiita mtabiri, na hamaanishi kunisifu.

Lipo tukio moja ambalo picha haikuhitaji ujuzi wowote. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoisogelea pwani yetu karibu na Mafia, mzunguko wake ulionekana wazi kwenye kioo changu, robo saa baada ya robo saa. Watu waliingia dukani hawana hata kompyuta ya kutengenezwa. Mama mmoja mwenye mtoto wake Kilwa alikaa kwenye benchi hadi nilipofunga.

Ni halali? Sitadaiwa?

Kwa kioo chako mwenyewe, huna wasiwasi. Picha za NASA kwa kawaida hutolewa zitumiwe bure. Za EUMETSAT, ukizichapisha mahali au kuzitumia kwenye kazi yako, taja chanzo kwa kuandika EUMETSAT na mwaka. Usiikate nembo yao ukaweka yako. Nimeona watu wakifanya hivyo, ni aibu.

Kwenye simu inawezekana?

Inawezekana, lakini simu inapozima kioo mara 100 kwa siku, unapakua picha za nani? Fungua tu EUMETView kwenye kivinjari ukitaka kutazama.

Ikoni zangu hazionekani juu ya mawingu.

Zipange upande wa kulia, juu ya bahari. Kusini mashariki mwa Mafia huwa pametulia kiangazi kizima.

Kuna siku maalumu ya kuisubiri?

Weka alama tarehe 2 Agosti 2027. Kupatwa kwa jua kikamilifu kutapita Hispania, kaskazini mwa Afrika hadi Misri, kisha Saudia na Yemen hadi Somalia. Sisi tutaona jua limemegwa kiasi tu. Lakini kwenye picha za Meteosat kivuli chenyewe kitaonekana, doa jeusi likikimbia jangwani toka magharibi kwenda mashariki. Siku hiyo usichote mara moja kwa siku. Na uhakikishe bando lipo, maana mimi nitakuwa nimefunga duka kwa mawazo, hata mlango ukiwa wazi.

Mimi nalima mpunga Bahi. Hii itanisaidia nini?

Kwa shamba lako, kidogo sana. Kitone kimoja kinakumeza wewe na majirani zako wote. Ila tazama picha ya NASA ya mwaka mzima, moja kwa kila wiki. Utaona maji ya Bahi yakitanuka baada ya mvua za juu kushuka, halafu yakirudi nyuma. Mkulima mmoja niliyemfungulia picha hizo alinyamaza muda mrefu, kisha akanionyesha kwa kalamu mahali ambapo maji yalifika alipokuwa mtoto. Ilikuwa mbali sana na doa lililokuwa kwenye picha ile. Nikamchapia karatasi mbili, moja ya Machi na moja ya Oktoba, akaondoka nazo amezikunja mfukoni.